Msalaba Nje ya Ua

Nyumbani kwetu atlasi ilikaa juu ya redio, na mtu hakuweza kuwasha redio bila kuishusha atlasi kwanza. Ndivyo baba alivyotaka. Taarifa ya habari ikitaja mahali, sisi wanawe tulitakiwa tuwe tumepafikia kwa kidole kabla msomaji hajavuta pumzi ya pili. Atlasi yenyewe ilikuwa imezeeka vibaya. Jalada lilikuwa limeng'oka, mende walikuwa wameshakula ncha ya kusini ya dunia, na Afrika ilishikiliwa na plasta ya kidonda ambayo mama aliiomba zahanati. Baba alikuwa karani mstaafu wa idara ya maji mjini Kakamega. Mbali alikowahi kufika ni Malaba. Akauangalia mpaka, akarudi. Lakini ungemwuliza mto unaopita Baghdad angekujibu huku akiendelea kupukuchua mahindi.

Miaka ya tisini ilimtesa sana mtu mwenye atlasi kuukuu. Nchi zilikuwa zinavunjika kila uchao. Urusi ilipogawanyika baba aliomba rula yangu ya shule, akatwaa biro, akachora mipaka mipya juu ya ile iliyochapwa. Yugoslavia aliikata vipande jioni moja tukisubiri ugali uive, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. "Kitabu kikidanganya, unakirekebisha," alituambia. "Dunia haiwezi kungojea kitabu." Mogadishu tuliitafuta kwa kidole mpaka karatasi ikachakaa pale. Na wiki zile za Kigali dada yangu aliweka kidole juu ya jina la mji, habari ikaisha, muziki ukaanza, na bado hakukiondoa. Baba alilazimika kuufunga ukurasa taratibu, mkono wa dada ukiwa ndani.

Dada ndiye aliyeurithi ugonjwa huu wa ramani, mimi nikaambukizwa naye. Yeye alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na katikati yetu walikuwapo watoto ambao mama hakupenda kuwazungumzia. Dada alisomea ualimu, akaajiriwa kufundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya wasichana mjini. Chuoni alitoka na vitu viwili: cheti, na karatasi moja kubwa ya ramani ya upande wetu, yenye kontua za kahawia na msitu wa kijani. Cheti alikitia sandukuni. Ramani aliikunja, akaitia katika mfuko wa nailoni, akawa anatembea nayo.

Jumamosi tulikwenda kuikagua. Hilo ndilo neno alilolitumia, kukagua, kana kwamba ametumwa na wizara. Tulivaa gambuti, tukabeba ndizi na chupa ya chai, tukaifuata njia iliyochorwa tuone kama inafika inakodai. Palipochorwa kinamasi tulikuta mtu amelima kabichi. Shule nzima, yenye bendera na kengele, haikuwako kwenye karatasi. Upande wa Buyangu kulikuwa na njia iliyoingia msituni kwa mistari miwili midogo iliyokatikakatika, nasi tuliifuata mpaka tukagonga ukuta wa miti na nyani wakatucheka. Dada alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. "Huyu mtu hakufika hapa," alisema, akimtaja mchoraji asiyemjua. "Alikaa ofisini akabahatisha." Kisha akanigeukia. "Wewe usije ukachora usichokikanyaga. Na ukikikanyaga, usikiache nje."

Watu walituona wendawazimu. Wasichana wakubwa wawili, mmoja mwalimu, wanazunguka mashamba ya watu wakipima madaraja! Mama aliulizwa kanisani kama binti yake mkubwa anatafuta dhahabu au anatafuta mume, maana kwa vyovyote anatafuta mbali. Mama alilichukua jambo hilo kwa uchungu. Dada alicheka tu. Kulikuwa na mwalimu mwenzake, mwanamume mpole mwenye miwani, aliyewahi kuja kwetu akala kuku, ingokho ya heshima kabisa, firigisi akapewa yeye. Halafu akaanza kukohoa, akaenda kwao, hakurudi. Wazee hawakuwahi kukaa kuzungumzia mahari. Kwa hiyo kwa hesabu ya kwetu dada alikuwa hajaolewa.

Naye alipoanza kukonda, tulijua. Kila mtu alijua, na kila mtu alisema kifua, au malaria sugu, au mkono wa mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema majirani wakishatoka kwetu, lakini nao wakiwa na wagonjwa wao ndani walisema kifua vilevile. Aliletwa nyumbani na lori la shule pamoja na godoro lake na ramani yake. Mimi wakati huo nilikuwa ninasoma chuo cha kilimo kule Bukura, ninarudi nyumbani mwisho wa juma. Kila nilipofika niliona amepungua tena, na ninakumbuka nilivyokuwa nikisimama nje ya mlango nikiuandaa uso wangu kabla ya kuingia. Nilichukia kufanya hivyo, na sikuweza kuingia bila kufanya hivyo.

Dunia yake ilianza kupungua pia. Kwanza hakuweza kufika msituni, kisha hakuweza kufika mtoni, kisha barabarani. Alipobakiwa na boma tu, akaamua kulichora boma. Alichukua kamba ya katani, akaipiga mafundo kwa nafasi sawa, mimi nikashika ncha moja naye ncha nyingine, tukapima kutoka mlango wa nyumba kubwa hadi jiko, kutoka jiko hadi ghala, kutoka ghala hadi zizi. Akichoka aliketi chini palepale alipo na kuandika. Siku ambazo mimi sikuwapo alishikiwa kamba na kukhu, mama yake baba, ambaye alikuwa mzee kupita kiasi na aliona mchezo huo ni wa kupendeza. Kukhu alikuwa anaketi kwenye mkeka akichambua maharagwe, fimbo yake ikielekeza: hapo palikuwa na nyumba ya babu yenu, hapo palikuwa na mti, hapo tulichimba choo kikaporomoka. Kukhu alifariki majira ya baridi mwaka huohuo, tukamzika mbele ya nyumba kubwa kando ya babu, na dada akachora msalaba wake kwenye karatasi.

Lazima nieleze ua, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Boma letu lilizungukwa na malulu, yale maua ya manjano yenye majani machungu ambayo kwetu yamezunguka karibu kila nyumba. Ndani ya ua kuna watu, ng'ombe na makaburi. Nje ya ua, upande wa nyuma, lilikuwapo shamba letu la miwa. Mwanamume wa boma huzikwa ndani. Mke wa boma huzikwa ndani. Binti aliyekua akafa kabla ya kuolewa huzikwa nje, nyuma ya jiko, ng'ambo ya ua, kwa sababu pale nyumbani hana nyumba na kwingine hana kwao. Jeneza lake halipiti langoni. Ua hukatwa pengo, anapitishwa, pengo linazibwa. Kaburi lake halijengewi kitu. Nimeiandika mila hii bila kuipamba kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, bila kupambiwa, nikiwa bado msichana mdogo wa kubeba maji.

Jumamosi moja ramani ya boma ilikuwa imekamilika. Ilichorwa nyuma ya kalenda kubwa, kwa penseli kisha kwa wino, na nitasema bila aibu kwamba sijaona kazi safi kama ile. Mparachichi ulikuwapo, na jiwe la kunolea panga, na njia ya kuku chini ya ghala. Kona ya chini aliandika ufunguo: mraba ni nyumba, duara ni mti, msalaba ni kaburi. Mama aliingia na kikombe cha malulu aliyoyachemsha, maana yale majani ya ua ndiyo yaliyokuwa dawa yetu ya homa na ya tumbo na ya kila kisichojulikana. Akainama kutazama. Aliusoma ufunguo kwa sauti, polepole. Alizihesabu nyumba, akatabasamu. Akaiona misalaba miwili mbele ya nyumba kubwa, ya babu na kukhu, akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha kidole chake kikaenda nyuma ya jiko, kikavuka mstari wa ua, kikasimama.

Kulikuwa na msalaba pale, nje ya ua, kwenye miwa.

Mama hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akaichukua kalenda kutoka magotini mwa dada, akatoka nayo. Nilimfuata mpaka jikoni nikamkuta ameisukuma chini ya sufuria ya maji ya obusuma, ugali wa jioni, na moto umeshaishika karatasi upande wa zizi. "Mtu hachoranga kaburi yake," aliniambia bila kugeuka. "Ukichora shimo, shimo inakuita." Nami, niliyejidai kusoma, nilisimama nikaitazama ikiungua na nilikuwa ninamkasirikia dada, si mama. Kwa nini ajichoree mwenyewe pale? Kwa nini awasaidie wazee?

Tuliporudi dada alikuwa amejiinua kwa kiwiko. "Mama," alisema, "ule msalaba si wangu."

"Amina!" mama akajibu, mikono juu. "Si wako! Kwa jina la Yesu, si wako!"

"Mama, nisikie. Ninasema ule si wangu."

"Si wako, mwanangu. Umeshindwa, shetani! Si wako!" Na mama akaanzisha pambio, akapiga makofi, akanitazama kwa jicho kali mpaka nami nikaitikia. Kila dada alipofungua mdomo mama alipandisha sauti. Mwishowe dada alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi tumwinue, na akiwa ameegemea bega langu alikuwa bado anatingishika kwa kicheko, machozi yanamtoka. Mama alisema ni ushindi.

Jumapili jioni nilirudi chuoni. Niliporudi tena nyumbani koo la dada lilikuwa limejaa vidonda na sauti ilikuwa imekwisha. Alikunywa uji kwa kijiko na kuomba maji kwa macho. Nilikaa naye alasiri yote mvua ikipiga mabati, kama inavyopiga kwetu kila alasiri. Wakati fulani aliutoa mkono, akaunyoosha kidole, akachora juu ya blanketi mstari mrefu. Halafu ng'ambo ya mstari akabonyeza kidole pale pale, mara kadhaa, akinitazama. Nilifurahi. Nilidhani ni mchezo wetu wa atlasi. "Nile?" nikamwuliza. "Khartoum? Au ni Kongo, Kisangani?" Akachora tena, akabonyeza tena. Nikamtajia miji yote ya mito niliyoijua. Alifumba macho, akaniachia mkono wake niushike, na ulikuwa baridi hata chini ya blanketi.

Alifariki ndani ya juma lile. Mimi niliitwa kutoka darasani.

Hapakuwa na matanga marefu, kwa kuwa hakuwa mke wa mtu. Baba alitembea nyuma ya jiko na wazee wawili wa ukoo, akapita ng'ambo ya malulu, akaonyesha mahali kwa kidole bila kuinua macho. Mahali penyewe hapakuhitaji kufikiriwa. Ni mkabala na jiko, hatua chache kutoka ua, miwa inapoanzia. Asubuhi yake, manyunyu yakianguka, binamu zangu walianza kuchimba. Mimi nilikuwa jikoni nikisukuma kuni, na kupitia ua nilisikia jembe, na sauti zao za chini, na jembe tena. Kisha jembe likanyamaza.

"Mzee," mmoja akaita. "Mzee, kuja. Iko mtu hapa."

Baba alitoka nyumba kubwa akiwa na shati la kulalia. Alipita karibu nami bila kuniona. Nikamfuata, na mama akanifuata. Shimo lilikuwa limefika kiunoni mwa mchimbaji, na katika ukuta wake, upande wa miwa, palikuwa na mifupa ya mkono imelala vizuri, na kwenye mifupa hiyo bangili ya shaba iliyogeuka kijani. Baba alipiga magoti kwenye matope. Alinyoosha mkono akaigusa bangili, hakuitoa. Alikuwa na miaka mingi nami sikuwa nimewahi kumsikia akisema alikuwa na dada. "Huyu ni senje yenu," alisema. "Huyu ni dadangu. Nilikuwa shule ya bweni. Niliporudi waliniambia yuko huko nyuma."

Shangazi. Binti wa boma hili hili, aliyekufa kabla ya kuolewa, akapitishwa kwenye pengo, pengo likazibwa. Halafu ikaja miwa. Trekta za kukodi zilipita juu yake msimu baada ya msimu, sisi watoto tukalima magugu juu yake, tukala mahindi ya pembezoni yaliyoota juu yake, na baba mwenye kujua mto wa Baghdad hakujua dada yake yuko wapi. Kukhu ndiye aliyejua, kwa sababu alikuwa amemzaa. Naye alikuwa amemwonyesha dada yangu kwa ncha ya fimbo, siku moja nikiwa Bukura, huku akichambua maharagwe. Mila ileile ilichagua mahali palepale mara mbili. Yule pekee aliyekuwa ameandika kwamba hapa pana mtu tulikuwa tumeichoma karatasi yake, na mdomo wake tukaufunika kwa wimbo.

Nilimsikia mama akishuka chini nyuma yangu. Hakuanguka, aliketi tu matopeni, nguo yake ya kanisani imemzunguka. "Aliniambia si wake," alisema. "Aliniambia. Alisema, mama, si wangu." Aliirudia mpaka wanawake wakaja kumwinua. Tangu siku ile sijamsikia tena akiimba pambio lile, na likianzishwa kanisani hutoka nje kama anayekwenda kutema mate.

Wazee walisimama chini ya mabati ya ghala wakashauriana. Mmoja alisema pengine ni ishara, msichana aingizwe ndani, alazwe karibu na kukhu wake. Nikasogea nikasema ndiyo, aingizwe ndani, kuna nafasi, nimeipima mwenyewe kwa kamba. Mzee mwingine, ndugu mkubwa wa babu, hakunitazama hata. "Mwacha mila ni mtumwa," alisema. "Watu wanazikwanga hivyo tangu zamani. Na wewe nyamaza. Wewe pia ni msichana ya hii boma." Nilielewa alichokisema. Kila mtu pale alielewa. Nikamtazama baba, mtu wa kukirekebisha kitabu kinachodanganya, nikamngoja. Baba alisema shangazi afunikwe alivyolala na shimo jingine lichimbwe kando yake.

Basi wakachimba kando. Ua ukakatwa pengo. Hapakupatikana kamba ya kutosha ya kuteremshia jeneza, mtu akaingia ghalani akatoka na kamba ya katani ya dada, na hakuna aliyemzuia. Alipokuwa anashuka mafundo yalikwama mikononi mwa wachimbaji, moja baada ya jingine, ikabidi wasimame kila mara na kuachia tena. Ndivyo alivyokwenda, kwa kipimo chake mwenyewe. Pengo lilizibwa siku ileile kwa matawi, na malulu yakapona haraka, maana mmea huo haujui kufa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo atlasi haikukaa tena juu ya redio; baba aliihamishia juu ya kabati, ikabaki huko. Baba alisikiliza habari ameshika tama. Majina ya miji yalipita nasi tukayaacha yapite. Mimi nilimaliza chuo, nikakosa kazi, nikarudi nyumbani kulima. Sehemu ile ya nyuma ya ua baba aliacha kuipanda miwa. Dereva wa trekta alipouliza aliambiwa ageukie mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa toba yake, nami niliiona ni ndogo mno, na wakati mwingine nilimpakulia chakula chake kwa kelele ili ajue.

Halafu Zaire ikafa. Tulisikia pamoja, mvua za masika zikiwa kali hata ikabidi tuisogezee redio masikio. Baba aliizima redio. Kisha akainuka, akaishusha atlasi, akapangusa vumbi kwa mkono wa sweta, akaomba rula. Alilikata jina la Zaire kwa mstari mmoja, akaandika Kongo juu yake kwa herufi zake za kikarani. Alipomaliza hakuifunga. "Ile kazi ya dada yako," alisema. "Ile ilichomeka. Wewe unaweza kuifanya tena?"

Nilisema ninaweza. Nilitumia kamba ileile, nilikuwa nimeificha chini ya kitanda. Nilianza mlangoni, nikaenda jikoni, nikaenda ghalani, kama tulivyokwenda wawili, ncha ya pili nikiifunga kwenye kijiti. Nilichora mparachichi na jiwe la panga. Nilichora ua. Nyuma ya ua nilichora misalaba miwili, mmoja wa shangazi na mmoja wa dada, na kwenye ufunguo nikaandika majina yao kamili, la shangazi nikiwa nimelipata kwa baba siku ile kwa mara ya kwanza. Nikamletea mezani.

Aliivaa miwani, akaipitia kwa kidole, kila nyumba, kila mti. Alifika nyuma ya jiko. Kidole kikavuka ua, kikakaa juu ya misalaba muda mrefu. Kisha akakirudisha kwenye mstari wa ua na kuusukuma kidogo, kama mtu anayesukuma mlango asiyejua umefungwa au la.

"Huu mstari," alisema, "hauwezi kupita huku nyuma yao?"

Sikuwahi kumjibu baba vibaya maishani mwangu. Siku ile nilimjibu. "Ua haupo huko, baba. Ua upo pale ulipo. Mwanao alinifundisha nisichore nisichokikanyaga. Yugoslavia uliikata kwa biro jioni moja kwa sababu wenyewe walikuwa wameshaikata. Sogeza ua kwanza, nami nitasogeza mstari."

"Ua ni wa baba yangu," alisema.

"Na waliolala nje yake ni wa nani?"

Mama alikuwa mlangoni na sahani. Hakuna aliyekula. Baba alikunja ramani, akaitia ndani ya atlasi, akaenda kulala mchana mweupe.

Siku kadhaa baadaye niliamka nikasikia panga nyuma ya jiko. Manyunyu yalikuwa yaleyale ya siku ya kaburi. Baba alikuwa anakata vijiti vya malulu kutoka kwenye ua wa zamani, anavibeba kwa mikono miwili hadi ng'ambo ya makaburi, upande wa miwa, na kuvichomeka kwenye matope kimoja kimoja. Alikuwa peke yake na mstari wake ulikuwa unakwenda kombo. Niliingia ndani nikaileta kamba. Akaipokea ncha moja, mimi nikashika nyingine, tukainyoosha, naye akafuata kamba mpaka akamaliza. Mafundo yalikuwa bado na udongo wa lile shimo.

Malulu hayakawii. Kabla ya mvua za vuli ua mpya ulikuwa umefunga na kutoa maua. Nikangoja baba aukate ule wa zamani, ili watu wetu wawe ndani. Niliupitia kila asubuhi nikienda kukamua nikiangalia kama panga limeugusa. Hakuukata. Mwisho nilimwuliza. Alisema, "Wa baba siwezi kuukata. Nimewapandia mwingine nyuma yao. Zaidi ya hapo nimeshindwa." Nilienda zizini nikalia kwa hasira mpaka ng'ombe akageuka kunitazama. Ndipo walipo mpaka leo, dada yangu na shangazi yangu, kati ya nyua mbili, si ndani wala nje.

Nilichora kama palivyo. Mistari miwili, misalaba miwili katikati. Baba aliitundika juu ya redio, na wageni wakija huwaonyesha mparachichi.

Jambo moja sikulitia. Nilipopima kati ya nyua mbili niliona kwamba baba hakuupitisha ule mpya karibu na kaburi la dada. Upande wake wa kulia aliacha nafasi. Niliipima kwa kamba, nikaipima tena, kisha nikalala chini kwenye nyasi kidogo tu, mama asinione. Inanitosha. Baba hajawahi kusema ni ya nani, nami sijamwuliza, na sijaolewa. Kwenye karatasi nimepaacha peupe, kwa sababu hakuna kitu pale bado, na sichori kisichokuwapo.